Kinachouza pikipiki Mbinga ni spea

Mei ikifika na kahawa kuanza kuiva katika milima ya Umatengo, pikipiki za kata ya Ukata, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, hupunguza abiria na kugeuka malori madogo. Magunia ya kahawa iliyokaushwa hufungwa kwenye keria kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu, dereva husogea hadi juu ya tangi la mafuta, na safari ya kwenda ghala la chama cha msingi huanza kwa gia namba moja. Njia ni udongo uliochongwa ubavuni mwa mlima, mvua zilizokatika Aprili zimeuachia makorongo, na mteremko mmoja ukiisha mwinuko mwingine unasubiri. Jina la pikipiki hujengwa au kubomoka katika njia kama hizi.

Wilaya ya Mbinga na jirani yake Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga zaidi ya miaka 10 iliyopita, huipa pikipiki mitihani miwili kwa siku moja. Ziwa Nyasa liko takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya Umatengo vinakaribia meta 2,000. Dereva anayeshuka asubuhi na maharage hurudi jioni na dagaa. Akishuka anaunguza brekshuu. Akipanda anaunguza klachi. Akifika ufukweni Liuli au Lituhi, mchanga unaingia kwenye cheni na kuisaga taratibu, na kesho yake tope la mlimani linamalizia kazi.

Kwa miongo kadhaa pikipiki huku ilikuwa chombo cha mtu mwenye ofisi nyuma yake. Bwana shamba, mganga wa zahanati, padri wa parokia: hao ndio waliopita vijijini juu ya Yamaha DT 125 au Honda XL 125. Pikipiki hizo zilisifiwa kwa haki. Zilisimama juu, shokapu zake za mbele zilimeza mashimo, na DT yenye injini ya mipigo miwili ilipanda mlima kwa hasira. Lakini sifa ile ilikuwa na mlipaji wake. Halmashauri, wizara au misheni ndiyo iliyonunua mafuta, oili na spea, na mkulima wa kawaida hakuwa na sababu ya kupiga hesabu za kumiliki chombo kama hicho. Hata leo ununuzi wa taasisi ni soko la peke yake. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma ugawaji wa pikipiki 7,000 kwa maofisa ugani wa nchi nzima. Manunuzi ya namna hiyo huamuliwa mezani kwa masharti ya zabuni, na hakuna kijiwe cha bodaboda kinachoulizwa.

Mapinduzi yaliletwa na Mchina.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, majina kama SanLG, Toyo, T-Better, Fekon na Kinglion yalimiminika kutoka Kariakoo hadi mikoani kwa bei ambayo mkulima aliyepata msimu mzuri angeweza kuifikia. Serikali ilipotunga mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, bodaboda ilikuwa imeshaenea. Kanuni ziliikuta barabarani. Vijana waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mizigo kwenye milima ya Mbinga walipata kwa mara ya kwanza injini ya kwao wenyewe.

Mchina alidharauliwa tangu mwanzo, na bado anadharauliwa, ingawa injini yake ina nasaba nzuri. Nyingi ya pikipiki hizo zinabeba nakala ya Honda CG125, iliyotoka kiwandani katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona kwamba wateja wa nchi zenye joto na vumbi wanapakia kupita kiasi, hawasafishi chujio la hewa wala kumwaga oili kwa wakati. Wakabuni injini inayovumilia uzembe huo: vali zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini, bila cheni ya taimingi inayolegea na kuanza kugonga. Inapiga kelele zaidi, lakini fundi anaweza kuishusha chini ya mti, akaitengeneza na kuirudisha siku hiyohiyo. Fundi akisoma 156FMI kwenye ubavu wa injini ya Kichina anajua papo hapo kilichomo: silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56, inayopoozwa kwa hewa, cc 125. Akisoma 162FMJ anajua ni ndugu yake wa cc 150. Ndiyo maana SanLG inaweza kuvalishwa blok iliyokusudiwa Fekon na ikaendelea na safari. Udhaifu wa Mchina haukuwa katika mchoro. Ulikuwa katika chuma: beringi zinazokatika mapema, rimu zinazopinda, waya za umeme zinazoungua, na uchomeleaji unaoachia fremu kwenye shimo la kwanza kubwa.

Hapo ndipo uaminifu kwa chapa ulipokosa mahali pa kushika. Mwenye pikipiki ya Kichina anaweza kubadilisha jina lililo kwenye tangi bila kujali, maana anajua injini ni ileile na spea ni zilezile.

Vietnam ilipitia hali inayofanana na hii kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za Kichina za bei nafuu zilifunika soko la nchi hiyo. Honda ikajibu mwaka 2002 kwa kuleta Wave Alpha, pikipiki yenye jina lake iliyouzwa kwa bei ya kupigana, na wateja wakarudi. Afrika Mashariki Mjapani hakujibu kwa namna hiyo. Aliyejibu ni Mhindi. Bajaj Auto ya Pune ilikuja na Boxer. TVS ya Tamil Nadu ikaja na HLX, familia iliyotengenezwa kwa kuangalia soko la Afrika. Boxer 150 ina injini ya cc 144.8, HLX 150 ina cc 147.5, na zote mbili zina ndugu zao wa cc 100 hadi 125 wanaokunywa mafuta kidogo. Ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko Mchina na ya chini sana kuliko Mjapani. Kampala ikawa mji wa Boxer. Nairobi ikagawanyika kati ya Boxer na TVS, na Tanzania nayo ikagawanyika vivyo hivyo.

Ukikaa kwenye kijiwe chochote mkoani Ruvuma, ugomvi wa Boxer na TVS hauna tofauti kubwa na ule wa Simba na Yanga. Wa Boxer watakwambia injini yao haichoki mlimani na fremu yake haiogopi gunia. Wa TVS watajibu kwamba wao wanafika mbali zaidi kwa lita moja, na kwamba abiria wao hashuki akiwa ameshika kiuno. Kila upande una mfano wa pikipiki iliyotembea miaka mingi bila injini kufunguliwa, na kila upande una mfano wa pikipiki ya wenzao iliyokufa mapema. Utani huo unafurahisha, lakini ukiusikiliza kwa makini unagundua kwamba wote wawili wana mke mmoja: duka la spea.

Kariakoo iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea kwa barabara, na kutoka Songea hadi Mbinga mjini kuna nyingine kama 100. Kila plagi, kila waya wa klachi na kila ringi ya pistoni imesafiri njia hiyo kabla ya kupandishwa kijijini. Mwenye duka la spea katika kata kama Ukata hana mtaji wa kuweka kila kitu cha kila kampuni. Anaweka kinachotoka: tyubu, brekshuu, balbu, plagi, waya za klachi na za mafuta, cheni na sproketi, labda blok na pistoni za aina mbili tatu. Anachokiweka kinategemea pikipiki zipi ni nyingi kijijini. Na pikipiki zipi zitakuwa nyingi kijijini mwaka kesho inategemea kile alichokiweka mwaka huu, kwa kuwa hakuna mkulima mwenye akili atakayenunua pikipiki ambayo waya wake wa klachi unafuatwa Songea.

Mzunguko huo ndio ukuta unaokutana na kila chapa mpya. Kampuni inaweza kuleta pikipiki bora, yenye shokapu laini na taa kali, ikafanya promosheni na muziki stendi ya Mbinga, ikagawa fulana na kofia. Mnunuzi atatazama, atacheza kidogo, kisha atakwenda kumuuliza fundi wake. Fundi atauliza swali moja tu, spea zake ziko wapi, na biashara itaishia hapo.

Huyu fundi anastahili kutazamwa kwa makini kuliko wauzaji wanavyomtazama. Wengi wa mafundi wa vijijini walijifunza kwa kukaa chini ya fundi mwingine, na walichojifunza kilitegemea pikipiki zilizoletwa pale. Aliyekulia kwenye injini za Kichina anafungua CG akiwa anaongea na simu, lakini kwenye injini yenye cheni ya taimingi anakwenda kwa tahadhari: akikosea alama moja wakati wa kuifunga, vali na pistoni vinaweza kugongana, na hasara ni yake. Ana pula ya kung'olea sumaku ya aina fulani na hana ya nyingine. Anakumbuka ni chapa gani ilimfanya agombane na mteja. Ushauri wake kwa mnunuzi unabeba historia yake yote ya kazi, na kampuni ambayo haijawahi kumfundisha wala kumpa kitabu cha vipimo isishangae akiiambia jamii kwamba pikipiki yake ni mbovu.

Kinachofanya kuharibika kwa pikipiki kuwe jambo la kiuchumi, si la usumbufu tu, ni hesabu. Vijana wengi hawana fedha ya kununua chombo taslimu. Wanapewa na tajiri kwa mkataba: dereva analeta kiasi fulani kila siku au kila wiki, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Katika miji mingi ya Tanzania hesabu imekuwa kati ya shilingi 7,000 na 10,000 kwa siku. Vijijini hupungua na mara nyingi hufuata msimu. Tuchukue mfano wa shilingi 8,000 kwa siku sita za wiki. Hiyo ni 48,000 kwa wiki, na kwa wiki 78, yaani mwaka mmoja na nusu, inafika shilingi 3,744,000. Boxer au TVS mpya katika miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa kati ya milioni mbili na nusu na milioni tatu. Tofauti ndiyo faida ya tajiri na bei ya subira yake. Sasa pikipiki ikilala kwa fundi siku nne kusubiri beringi kutoka Songea, dereva ana deni la shilingi 32,000 ambalo hakulitengeneza yeye, na nyumbani hajapeleka unga.

Kwa sababu hiyo mikataba mingi huanza na chapa. Tajiri hataki kusikia majaribio. Anataka pikipiki ambayo hesabu yake haitakatika, na ambayo dereva akishindwa, inaweza kunyang'anywa na kuuzwa wiki hiyohiyo bila kubembeleza mnunuzi. Mawazo ya taasisi za mikopo hayako mbali na hayo. Kampuni iitwayo Watu, iliyoanzia Mombasa mwaka 2015 na baadaye kuvuka hadi Tanzania, imejenga biashara yake ya mikopo ya pikipiki juu ya vyombo vinavyouzika tena. Vikundi vya vijana vinavyopata mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, navyo hukimbilia pikipiki. Kikundi cha watu watano wenye maoni matano hukubaliana upesi zaidi juu ya chapa ambayo kila mmoja amewahi kuiendesha. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kinachoitwa mapenzi ya mwendeshaji kwa Boxer au TVS ni uamuzi wa mtu aliyetoa fedha.

Bei ya mkononi inathibitisha hilo. Mchina wa miaka miwili huuzwa kwa kubembeleza. Boxer au TVS ya umri huohuo hugombewa, hasa kahawa ikishalipwa. Umaarufu una upande wake mchungu pia. Chapa yenye soko kubwa la spea ndiyo inayopendwa na wezi, kwa kuwa ikishafunguliwa vipande vyake vinaingia sokoni bila maswali.

Katika habari ya kudumu kwa injini, lawama nyingi zinazotupiwa kiwanda zingepaswa kutupiwa chupa ya oili. Injini ya pikipiki inatumia oili ileile kwa pistoni, gia na klachi, na klachi yenyewe inazama humo. Oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, na dereva akiona pikipiki inanguruma bila kupanda mlima anaamua kwamba kampuni imeanza kuleta mali mbovu. Oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA kwenye kopo. Wachache wanaitafuta alama hiyo, kwani duka la kijijini mara nyingi humimina kutoka kwenye dumu. Injini ndogo inabeba oili ya kiasi cha lita moja tu, ikipanda milima na gunia mgongoni kwa saa nane. Kuchelewa kuibadilisha mwezi mzima zaidi ili kuokoa fedha kidogo ni njia ya uhakika ya kununua ringi, kisha pistoni, kisha kuchonga blok.

Spea feki zimeharibu zaidi. Sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, nguvu za kukamata mali bandia, na Shirika la Viwango, TBS, lina wajibu wake juu ya ubora. Lakini kati ya bohari la Kariakoo na benchi la fundi wa Ukata kuna mikono mingi, na boksi lenye nembo ya Bajaj au TVS linaweza kuchapishwa popote. Mnunuzi analipa bei ya orijino, anafunga cheni laini kama ya baiskeli, na miezi miwili baadaye analaani jina lililo kwenye boksi. Kampuni za Kihindi zilizojijengea heshima kwa miaka mingi zinaipoteza kipande kwa kipande kupitia bidhaa ambazo hazikuzitengeneza, na jitihada zao za kuwafundisha wanunuzi wa vijijini kutofautisha ni ndogo mno ukilinganisha na fedha zinazokwenda kwenye matangazo.

Wakati huohuo barabara zinabadilisha mtihani wenyewe. Lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Kisha lami ikaendelea kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mradi uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kona za kushuka ziwani ambazo zamani zilipitwa kwa kuburuza mguu sasa zinapitwa kwa kasi. Kwenye lami hiyo, aliyekuwa akisifia pikipiki kwa nguvu ya gia ya kwanza anaanza kuuliza habari za breki ya mbele, tairi na mafuta. Baadhi walikuwa wamefunga sproketi ya nyuma yenye meno mengi ili kupanda milima. Kwenye lami injini hiyo inapiga kelele kwa mwendo mdogo na kunywa petroli, ambayo mkoani Ruvuma bei yake kikomo, inayotangazwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hubeba gharama ya safari ndefu kutoka bandarini. Kwa hiyo kijiji cha kando ya lami na kijiji cha ndani ya mlima, vilivyo umbali wa saa moja, vinaweza kupenda pikipiki tofauti na vyote vikawa na haki.

Mchina naye hajafa. Ameshushwa cheo tu. Utamkuta shambani, bila namba, bila taa, ekzozi imefungwa waya, akibeba mbolea na miche ya kahawa katika vijia ambavyo mwenye TVS mpya ya mkataba hathubutu kuiingiza. Kazi hiyo haihitaji jina. Inahitaji injini ambayo kijana wa miaka 18 anaweza kuifungua kwa spana tatu, na CG ya zamani inampa hicho.

Swali la chapa gani ni imara kuliko nyingine, kwa hiyo, haliwezi kujibiwa na mtu aliyeko Dar es Salaam. Kwa mnunuzi wa Ukata, Maguu, Litembo au Liuli anayepanga kununua msimu huu, kazi ya kwanza si kwenda kwa wakala. Aende kwenye duka la spea lililo karibu zaidi na nyumbani kwake na aulize bei ya vitu vinne vya pikipiki anayoitaka: waya wa klachi, seti ya cheni na sproketi, brekshuu za nyuma na blok na pistoni yake. Aombe kuvishika mkononi. Kama viwili kati ya hivyo vinaagizwa kutoka Songea, atafute chapa nyingine.